UZI: Umebadili jina kisheria? Anza na kitambulisho, benki na laini ya simu zifuate

Karani wa Lanet

Hamjambo wanajamii. Nafanya ukarani katika ofisi ya wakili hapa mjini Nakuru, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandaa hati za kubadili jina na kuzifuatilia hadi zichapishwe. Swali linaloletwa mezani kwangu mara nyingi si namna ya kubadili jina, kwa kuwa hilo wakili hulimaliza, bali ni lile linalofuata: hati ninayo, tangazo limetoka, sasa niende wapi kwanza? Wengi hukimbilia benki kwa sababu ndiko kwenye fedha zao, na huko ndiko mambo yanakokwama. Msimamo wangu ni kwamba kitambulisho cha taifa kitangulie, na rekodi nyingine zisiguswe kabla kitambulisho kipya hakijatoka.

Kwanza tukubaliane juu ya hati yenyewe. Mtu mzima anayeacha jina moja na kushika jingine hutia saini hati ya kubadili jina, ile ambayo mawakili huiita didi poli, ikiambatana na tamko la kisheria la mtu anayemfahamu. Hati hiyo husajiliwa kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Hati, Sura ya 285, kisha tangazo lake huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka siku ya Ijumaa. Tangazo ni fupi na maneno yake hayabadiliki sana: hutaja tarehe ya hati, nambari ya kuwasilishwa, juzuu, folio na faili, jina jipya na lile lililoachwa, kisha huwaomba watu wote wamtaje mhusika kwa jina lake jipya pekee. Nambari ya tangazo na tarehe ya gazeti ziandike mahali ambapo hazitapotea, kwa maana ndizo zitakazoulizwa kila utakapokwenda. Mwanamke aliyeolewa anayetaka kuchukua jina la mumewe hana haja ya kupitia njia hii ndefu. Hutumia cheti cha ndoa, na anayerejea jina lake baada ya talaka hutumia amri ya mwisho ya mahakama. (Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mke kuchukua jina la mume, ijapokuwa bado nakutana na watu wenye vyeo wanaozungumza kana kwamba ipo.)

Sababu ya kutanguliza kitambulisho ni jinsi rekodi zetu zilivyounganishwa. Benki, KRA (mamlaka ya kodi) na kampuni za simu hazitosheki na karatasi uliyoibeba, hata iwe na mihuri mingapi. Huingiza nambari ya kitambulisho chako katika mfumo wa pamoja wa usajili wa watu, unaojulikana kwa kifupi kama IPRS, na jina linalojitokeza humo ndilo wanalolifuata. Ukifika kwa mhudumu wa benki ukiwa na Gazeti Rasmi huku mfumo ukiendelea kumwonyesha jina la zamani, mhudumu huyo hata akikuamini hana pa kushika. Mbaya zaidi ni pale anapokubali kukubadilishia kwa hisani, kwa sababu sasa akaunti yako ina jina ambalo kitambulisho chako hakina, na siku utakayotaka mkopo au kadi mpya, mhudumu mwingine atakushuku.

Kwa hiyo peleka kitambulisho cha zamani, hati iliyosajiliwa na nakala ya Gazeti Rasmi, au cheti cha ndoa, kwenye ofisi ya usajili wa watu iliyo karibu nawe au Huduma Centre, uombe kubadilishiwa maelezo. Kabla ya kukisalimisha kitambulisho cha zamani, kitoe nakala pande zote mbili, na ikiwezekana nakala hiyo ithibitishwe na wakili. Watu huiona kama karatasi ya bure hadi miaka kadhaa baadaye, mtu anapouliza ushahidi kwamba mwenye jina lile na mwenye jina hili wana nambari moja. Vilevile, katika kipindi cha kusubiri utakuwa na karatasi ya kusubiri tu, na ofisi nyingi haziihesabu kuwa kitambulisho, basi shughuli zinazodai kadi yenyewe, kama kuhamisha gari au kutoa fedha nyingi, zimalize kabla ya kutuma maombi.

Nambari ya kitambulisho haibadiliki, wala PIN, yaani nambari ya mlipa kodi inayotolewa na KRA. Jambo hilo lina faida na lina funzo kwa wenye nia nyingine, kwa kuwa mashirika yanayohifadhi taarifa za mikopo hukufuatilia kwa nambari hiyo, na deni la jina la zamani hukungoja palepale.

Kadi mpya ikishatoka, usikimbilie kila mahali siku hiyohiyo. Hakikisha kwanza kwamba mfumo umepokea jina jipya, kwa kuwa kadi inaweza kukufikia kabla mifumo mingine haijasoma mabadiliko. Kisha nenda KRA, urekebishe maelezo ya PIN katika iTax, mfumo wao wa mtandaoni. Baada ya hapo benki, kisha laini ya simu, kisha SHA (bima ya afya) na NSSF (hifadhi ya jamii), kisha leseni ya udereva na vyombo vya moto kupitia akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri, katika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Naiweka KRA mbele ya benki kwa makusudi, maana benki nyingi huomba cheti cha PIN wakati wa kusahihisha akaunti, na cheti chenye jina la zamani kitakurudisha nyumbani.

Karibuni kwa maswali, na mwenye uzoefu tofauti autoe.

Mama Pacha, Njoro

Asante, ndugu Karani, kwa maelezo haya. Mimi niliolewa kimila huko Butere, mahari ikatolewa na wazee wakashuhudia, lakini hatukuwahi kupata cheti. Nataka kuchukua jina la mume wangu kwa sababu ya shughuli za chama na za watoto. Ofisini niliambiwa nilete barua ya chifu, na nilipoileta nikaambiwa haitoshi. Je, niende kwa wakili anitengenezee hati ya kubadili jina?

Karani wa Lanet

Dada, njia zote mbili zipo, nami ningekushauri uifuate ile ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na nyingine, na inataka isajiliwe. Kanuni za kusajili ndoa za kimila zilianza kutumika mwezi Agosti 2017. Wewe na mzee wako mtamwendea Msajili wa Ndoa mkiwa pamoja, mkieleza kwamba taratibu za mila zenu zilikamilishwa. Cheti kikitoka, kitakubadilishia jina katika kitambulisho bila haja ya Gazeti Rasmi.

Sisemi hivyo kwa ajili ya jina pekee. Hati ya kubadili jina itakupa jina la mumeo, lakini haitasema popote kwamba wewe ni mke wake, na siku mambo ya mirathi au mafao ya NSSF yakifika, ni cheti cha ndoa kitakachoulizwa. Barua ya chifu ina kazi yake, hasa katika kuthibitisha familia, ila si cheti cha ndoa, na aliyekukatalia hakukosea.

Kuhusu watoto, vyeti vyao vya kuzaliwa vina jina ulilokuwa nalo walipozaliwa. Viache hivyo. Vinaeleza kweli ya siku ile, na cheti chako cha ndoa kikiambatanishwa navyo kinaonyesha kwamba mama ni yuleyule.

Mwalimu wa Lurambi

Naomba niongezee upande wa sisi walimu, kwa kuwa hapa Kakamega nimewasaidia wenzangu kadhaa katika jambo hili, na utaratibu wa Karani, japokuwa ni sahihi, una mwanya mmoja kwa mtu anayelipwa mshahara kila mwezi.

Mwalimu anayebadili jina ana pande mbili ambazo lazima zilingane: rekodi za mwajiri, kwetu sisi zikiwa za TSC (Tume ya Huduma za Walimu), na akaunti ya benki au Sacco inayopokea mshahara. Akibadilisha benki peke yake, mshahara hutumwa kwa jina moja na kukuta akaunti ya jina jingine, nao unaweza kuzuiliwa. Akibadilisha upande wa mwajiri peke yake, matokeo ni yaleyale kwa kinyume. Ushauri wangu ni kwamba akishapata kitambulisho na PIN, apeleke maombi kwa mwajiri kwanza, aulize kwa uwazi ni mwezi gani karatasi ya mshahara itaanza kuonyesha jina jipya, kisha benki aiendee mapema ndani ya mwezi huohuo, akiwa na barua ya mwajiri inayotaja majina yote mawili. Nambari ya TSC haibadiliki, jambo linalorahisisha kazi. Mikopo inayokatwa kwenye mshahara nayo itajwe, kwa sababu Sacco au benki inayokudai inapoona jina geni kwenye orodha ya makato huenda isijue makato yale ni ya nani, na mwanachama akajikuta anaonekana hajalipa.

Pili, vyeti vya mitihani. Hapa naona watu wakipoteza nguvu nyingi. Cheti cha KCPE au KCSE hubeba jina ulilofanyia mtihani, na mtu aliyebadili jina akiwa na umri wa miaka thelathini hana sababu ya kutaka cheti cha ujanani kiandikwe upya. Waajiri na vyuo hukubali cheti cha zamani kikiambatana na hati iliyosajiliwa na Gazeti Rasmi. Ninachosisitiza kwa wanafunzi wangu ni tofauti: jina lisahihishwe shuleni kabla ya usajili wa mtihani kufungwa, mzazi akiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi, kwa maana baada ya hapo kila marekebisho yanakuwa marefu na yenye gharama.

Karani wa Lanet

Mwalimu, nakushukuru, suala la mwezi wa mshahara sikulitaja, na ni la maana. Nakubaliana nawe kuhusu vyeti, isipokuwa kwa neno moja. Si kweli kwamba KNEC, Baraza la Mitihani, haiwezi kamwe kubadilisha cheti, kama watu wanavyopenda kusema. Mwezi Oktoba 2014 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, iliamuru Baraza hilo likibadilishe cheti chake cha KCSE kiwe na jina lake jipya na kisiwe na alama ya jinsia. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba kanuni za Baraza zenyewe zinaliruhusu kuondoa cheti ili kirekebishwe. Kwa hiyo mlango upo, lakini ni wa mtu ambaye cheti cha zamani kinamtesa kila anapokionyesha. Kwa aliyeongeza tu jina la babu yake, kuambatanisha hati kunatosha.

Jakisumu

Mimi swali langu huenda si la kubadili jina, lakini linahusiana. Jina langu lina ritifaa, ile alama ya ('). Cheti cha kuzaliwa kinasema Ochieng', kitambulisho kimeiweka ritifaa mahali pasipofaa, kati ya N na G, benki imeliandika bila ritifaa kabisa, na hatimiliki ya baba yangu, ambayo mimi ni mrithi wake, ina tahajia nyingine tena. Nikijaza fomu mtandaoni, baadhi ya mifumo inakataa alama hiyo na kuniambia jina lina herufi zisizoruhusiwa. Jina nililopewa na wazazi linaambiwa halikubaliki! Wakili mmoja aliniambia nitengeneze hati ya kubadili jina ili nimalize mambo. Nami naona kama ni kutumia shoka kuua mbu.

Karani wa Lanet

Ndugu Jakisumu, uliyoyasema yanawahusu watu wengi mno kuanzia kwenu hadi huku Nakuru, ambako kina Ng'ang'a, Wang'ombe na Cheng'etich wanajaza mafaili yetu. Nakubaliana nawe kabisa. Hati ya kubadili jina ni ya mtu anayeacha jina na kushika jingine. Wewe hujaacha jina lolote. Kinachohitajika ni marekebisho.

Ninavyolishughulikia suala kama lako ni hivi. Kwanza chagua hati moja itakayokuwa kipimo. Kwa mtu aliyezaliwa na kusajiliwa vizuri, kipimo ni cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho husahihishwa kulingana nacho. Pili, tengeneza hati ya kiapo mbele ya Kamishna wa Viapo, ukizitaja tahajia zote jinsi zilivyo, moja baada ya nyingine, na hati ambamo kila moja inapatikana, na ueleze kwamba zote ni za mtu mmoja mwenye nambari fulani ya kitambulisho. Watu huandika viapo vya jumla, eti «majina yote yanayofanana na hayo ni yangu», navyo havimsaidii mtu yeyote. Kiapo kizuri kinataja mpaka mahali ritifaa ilipokaa.

Tatu, kubali kwamba baadhi ya kompyuta hazitaipokea ritifaa, na katika hizo andika jina bila alama yoyote badala ya kuibadilisha kwa nafasi. Nafasi ni hatari kuliko kuikosa ritifaa. Ochieng bila alama mtu yeyote atalitambua. Lakini «Ng ang a» litasomwa na mashine kuwa majina matatu, na utashangaa kuona PIN yako ina mtu anayeitwa Ang.

Suala jingine la aina hii ni mpangilio. Kuna fomu zinazotanguliza jina la ukoo na nyingine zinazoliweka mwisho, na karani mwenye haraka anaweza kuligeuza jina la baba kuwa lako la kwanza. Soma kila karatasi kabla ya kuondoka dirishani. Kusahihisha hapo hapo ni kazi ya dakika chache. Kusahihisha baada ya kuchapishwa ni maombi mapya.

Wafula wa Kanduyi

Kwa heshima, mimi siuoni ulazima wa mzunguko huu wote. Nina kiapo kinachosema majina yangu mawili ni ya mtu mmoja. Nakibeba kila mahali na sijawahi kukwama. Kwa nini mtu alipe wakili, asubiri Gazeti, abadilishe kitambulisho, KRA na benki, ilhali kiapo ni cha siku moja?

Karani wa Lanet

Ndugu Wafula, kiapo chako kinasema nini? Kinasema majina mawili ni ya mtu mmoja. Hakisemi kwamba jina moja limeachwa. Kwa hiyo kila ofisi inayokipokea inaendelea kukuandika kwa jina lililomo katika kitambulisho, na kile kiapo kinabaki kuwa maelezo ya pembeni. Ikiwa hilo ndilo unalolitaka, basi kiapo kinakutosha nami sitakushawishi utumie fedha zaidi. Lakini mtu anayetaka kuitwa kwa jina jipya katika pasipoti, katika hatimiliki na katika cheti cha chuo atakachohitimu mwaka ujao, kiapo hakitamfikisha. Isitoshe, kiapo hupokelewa kwa hiari ya aliye mbele yako, na siku akibadilishwa yule afisa unayemzoea, unaanza upya.

Mstaafu wa Molo

Nimesoma kwa makini, wanangu. Naomba msilisahau suala la ardhi, kwa kuwa ndilo lenye uzito kwetu wazee. Wengi wetu huku tulipata mashamba kupitia kampuni za kununua ardhi za miaka ya 1960 na 1970. Majina yaliandikwa katika rejista za wanahisa kwa jinsi karani alivyosikia, na hatimiliki zilipotoka baadaye zikayafuata yale yale. Kuna jirani yangu ambaye hatimiliki ina majina mawili, moja likiwa la ubatizo aliloliacha zamani, na kitambulisho kina matatu. Alipofariki, wanawe walikaa muda mrefu mahakamani wakithibitisha kwamba mwenye shamba ni baba yao. Mtu aliye hai afanyeje ili asiwaachie watoto mzigo huo?

Karani wa Lanet

Mzee wangu, umeligusa jambo ambalo ningependa kila mwenye shamba katika kaunti hii alisikie. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mwenye ardhi anayethibitisha kwamba jina lake limebadilika anaweza kumwomba Msajili wa Ardhi kwa maandishi, naye akaweka ingizo katika rejista kuonyesha mabadiliko hayo. Maombi hupelekwa kwenye masjala ya ardhi inayoshikilia rejista ya shamba lenyewe, wala si yoyote iliyo karibu, yakiwa na hatimiliki ya asili, kitambulisho, nakala ya PIN, na hati inayoeleza mabadiliko: Gazeti Rasmi kwa aliyebadili jina, au kiapo kwa yule ambaye majina ni yaleyale ila yameandikwa vibaya. Kabla ya kupeleka chochote, fanya upekuzi rasmi wa rejista, uone jina lilivyoandikwa humo, kwa sababu mara nyingine hatimiliki na rejista hazilingani, na kinachotawala ni rejista.

Mwenye shamba aliye hai hutoa kiapo mwenyewe, akatia kidole au saini, na jambo likaisha. Akishafariki, ushahidi hutolewa na watu wengine: barua ya chifu ya kuwatambulisha warithi, viapo vya majirani, na pengine cheti cha kifo chenye jina la tatu ambalo hakuna aliyelitarajia, kwa kuwa aliyetoa taarifa hospitalini alitaja jina la nyumbani. Kesi ya mirathi ambayo ingekuwa ya kawaida hugeuka kuwa mabishano ya utambulisho, na hapo ndipo jamaa wenye tamaa hupata nafasi. Ningemshauri mzee yeyote mwenye hali ya jirani yako aanze na shamba hata kabla ya laini ya simu, mradi kitambulisho chake kiwe sawa.

Na kama umeandika wosia kwa jina la zamani, usiuchome. Mwombe wakili aandike mpya unaotaja kwamba zamani ulijulikana kwa jina lile.

Nesi wa Kondele

Nyongeza fupi kwa wanaosafiri. Pasipoti haisahihishwi kwa kalamu. Ni maombi mapya kupitia eCitizen, kisha kufika kwenye ofisi ya uhamiaji, kwa sisi wa huku ikiwa ya Kisumu. Msikate tiketi kwa jina jipya wakati pasipoti ina la zamani. Mwenye viza halali katika pasipoti ya zamani aulize ubalozi husika kabla ya kuomba pasipoti mpya. Na wenzangu wa fani zenye leseni za kila mwaka, wauguzi, wahandisi, mawakili, mjulisheni msajili wa baraza lenu kabla ya msimu wa kuhuisha leseni, ili leseni isitoke kwa jina ambalo mwajiri hana tena.

Mama Pacha, Njoro

Na ikiwa ofisi imekataa kubadilisha ilhali una kila kitu? Shirika moja la mikopo, ambalo sitalitaja, lilimwambia dada yangu kwamba jina lililoingizwa siku ya kwanza halibadilishwi kamwe katika mtambo wao. Ana kitambulisho kipya, ana Gazeti, ana PIN.

Karani wa Lanet

Hiyo si sababu inayotambuliwa na sheria, dada. Katiba, Kifungu cha 35(2), inampa kila mtu haki ya kutaka habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaliweka jukumu hilo wazi kwa yeyote anayehifadhi taarifa za watu, awe wa serikali au wa binafsi. Dada yako asibishane dirishani. Aandike barua fupi, ataje nambari yake ya uanachama, jina la zamani, jina jipya, nambari ya tangazo la Gazeti, na aombe marekebisho kwa kuitaja sheria hiyo. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki kwake. Wasipotenda, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na ile nakala yenye muhuri ndiyo itakayoonyesha kwamba aliomba. Nimeona mtambo usiobadilika ukibadilika baada ya barua kama hiyo kufika kwa msimamizi.

Asubiri, hata hivyo, amalize kulipa awamu ya mwezi huu kwa maelezo yaleyale ya zamani. Malipo yaliyopotelea katikati ya majina mawili ni taabu kuyafuatilia.

Mwalimu wa Lurambi

Karani, nina mzazi hapa ambaye mtoto wake ana mwaka mmoja na miezi kadhaa, na familia inataka kumbadilishia jina alilosajiliwa nalo, apewe jina la marehemu bibi yake. Naye apitie kwenye Gazeti Rasmi? Na nakala za magazeti ya zamani hupatikana wapi kwa mtu aliyepoteza ya kwake?

Karani wa Lanet

Mtoto huyo bado ana nafasi nyepesi. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inamruhusu mzazi kusajili jina jipya la mtoto ndani ya miaka 2 tangu kuzaliwa kwake kusajiliwe, kwa kulipa ada na kutoa ushahidi atakaoutaka msajili. Mzazi aende kwenye ofisi ya usajili wa vizazi iliyotoa cheti, akiwa na cheti chenyewe na vitambulisho vya wazazi, na asingoje hadi mwezi wa mwisho. Muda huo ukipita, safari yake itakuwa ndefu, na itampitisha kwa wakili.

Kuhusu Gazeti Rasmi, matoleo ya zamani yanasomeka bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, na nakala iliyochapwa huulizwa kwa Mpigachapa wa Serikali jijini Nairobi. Mtu asiyekumbuka nambari ya tangazo aanze na mwezi ambao hati yake ilisajiliwa, asome matoleo ya Ijumaa zinazofuata, sehemu ya mabadiliko ya majina, ambayo mara nyingi hukaa katika kurasa za mwisho.